Moyo Usio Wangu

Kwanza nijibu salamu zenu. Hii ni wiki ya sita tangu nianze kuyamwaga yangu kwenye ukurasa huu, na nasikia mezani kwa mhariri kuna rundo la barua. Mmoja ananiita tapeli. Mwingine anasema nifungwe. Wa tatu, dada mmoja mwenye mwandiko mzuri sana, ananiita jinga la mwisho. Huyo wa tatu namkubali. Nyie wengine tulieni kwanza, maana ubaya wenyewe bado sijaufikia.

Kwa anayekutana nami leo: mimi naendesha kreni. Pale panapojengwa ghorofa, yule mtu anayeonekana mdogo kama nzi ndani ya kijumba cha vioo kule juu, ndiye mimi. Ngazi yake ina vidato mia mbili na kumi na vinne. Wenzangu wananiita Mwewe.

Kila mwaka lazima nipimwe afya ndipo niruhusiwe kupanda. Mwaka huu nilijua sipiti. Ngazi ilikuwa imeanza kunishinda. Nikifika juu nilikaa dakika kumi nahema kabla ya kugusa mitambo, na nyapara kule chini akiniita kwenye redio najifanya sisikii.

Basi nikamtuma mdogo wangu. Yeye ni mwalimu wa michezo, wanafunzi wake wanamwita Filimbi. Anakimbia kila asubuhi, sigara hajui inashikwaje. Sura yetu ni moja, pua moja, hata pengo la meno ya mbele ni lile lile. Kitambulisho changu kina picha ya zamani, ya kabla tumbo halijaota. Akavaa fulana yangu ya kazi, akaenda kupimwa kwa jina langu.

Hakusita hata kidogo. "Kaka, hilo ni deni la sindano," alisema.

Hadithi ya sindano niliwapa wiki ya pili. Tulipokuwa wadogo yeye alitakiwa kuchomwa sindano kila mwezi, naye aliiogopa sindano kufa. Akiiona tu anatapika. Mama alinipa kazi ya kumpeleka, maana yeye alikuwa kazini. Basi nesi akiita jina lake, nainuka mimi. Nachomwa mimi. Tunarudi nyumbani yeye anacheka, mimi nachechemea. Wengi wenu mliandika kwamba nina upendo wa ajabu. Ziwekeni barua hizo karibu, mtazihitaji.

Wiki iliyopita niliishia kwenye bahasha ya majibu kufika kazini. Sasa tuifungue.

* * *

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Redio ikakoroma.

"Mwewe, shuka."

"Nina zege hewani, bosi."

"Teremsha zege, halafu uteremke na wewe."

Nilishuka na tabasamu. Nilijua cheti kimekuja. Nyapara alikuwa ndani ya kontena lake la ofisi, feni inampeperushia karatasi, amezikandamiza kwa nyundo. Hakunikaribisha kiti. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtu asiyeamini anachokisoma.

"Mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa. Moyo umepanuka. Asipande mahali parefu, asibebe kizito, asikimbie. Afike kliniki ndani ya siku mbili."

Nikacheka. Wallahi nilicheka. Mtu mzima mwenye tumbo na pakiti ya sigara mfukoni, nimeangushwa mtihani na kijana asiyevuta hata moshi wa kuni!

"Unacheka nini?" nyapara akauliza.

"Karatasi imekosea."

"Karatasi ina jina lako na namba yako ya kazi."

"Nimekaa kwenye kreni hiyo miaka kumi na minane. Nimenyanyua vyuma vya majengo tisa. Hakuna tofali hata moja lililomdondokea mtu."

"Najua," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, ndiyo iliyoniudhi zaidi. "Ufunguo."

Akanyoosha mkono. Nikauvua ufunguo wa kijumba shingoni, ule uzi umeshika jasho la miaka yote hiyo, nikamwekea juu ya meza. Sikumpa mkononi.

"Narudi keshokutwa," nikamwambia. "Usimpe mtu kiti changu."

* * *

Mke wangu ni fundi cherehani, karakana yake ni sebule yetu. Alisoma barua ameshika mkasi. Alipomaliza hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda jikoni, akachukua kopo la chumvi, akalimwaga lote kwenye sinki. Akarudi, akachomoa sigara mfukoni mwangu, akazizamisha kwenye ndoo ya maji machafu moja moja, kama anayeloweka maharage.

"Mama watoto, mbona hivyo?"

"Nyamaza. Miaka mingapi nakwambia? Unakoroma mpaka unakata pumzi, naamka nakutikisa, naogopa nimeolewa na maiti. Unakula karanga za chumvi kilo nzima kwa wiki. Maji hunywi kwa sababu eti hutaki kushuka kukojoa. Unakaa saa kumi kwenye kiti, ukirudi unakaa kwenye kochi. Sasa moyo umechoka, na mimi nimechoka." Akaanza kulia.

Mimi machozi ya mke wangu siyawezi. Nikaona bora nimtulize.

"Usilie. Moyo wenyewe si wangu."

Akainua uso. "Ni wa nani?"

Nikamsimulia yote. Fulana, kitambulisho, picha ya kabla ya tumbo. Nilidhani atacheka mwishoni. Nilikuwa nimeshaanza kucheka mwenyewe ili kumwonyesha njia.

"Kwa hiyo shemeji yangu ana moyo mbovu," alisema.

"Eh."

"Anajua?"

"Atajuaje? Majibu yamekuja kwangu."

"Na wewe umeyapata saa ngapi?"

"Saa nne."

Akageuka kuangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo. Aliitazama saa, halafu akanitazama mimi.

Huu sasa ndio ubaya niliowaambia. Karibu saa nane nilizunguka mjini nikiwa na barua ile mfukoni, nikiwaza ufunguo wangu. Nani atakaa kwenye kiti changu. Nitampata vipi daktari anipime upya. Mdogo wangu, damu yangu, hakunipitia kichwani hata mara moja. Mnaotaka kuniandikia, andikeni hilo.

"Kesho asubuhi nakwenda kwake," nikamwambia mke wangu.

"Apa."

Nikaapa. Na asubuhi nikaenda kliniki.

* * *

Msinishangae. Nilikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa safi. Naingia, wananipima mimi mwenyewe, wanaukuta mlango wa moyo unafunga vizuri, wanaandika barua nyingine. Napata ufunguo wangu. Ndipo namfuata Filimbi, namwambia kwa utulivu, bila mtu kupoteza kazi. Wakikuta presha iko juu? Ningejitetea. Nimejitetea maisha yangu yote.

Foleni ilinikalisha mpaka saa saba. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Akanitazama, akatazama karatasi, akanitazama tena.

"Umenenepa ndani ya siku tisa," alisema.

"Ni hili shati, daktari."

"Nimekupigia simu mara nne."

"Ile namba ni yako? Nilidhani ni wauza viwanja."

Hakucheka. Akanilaza, akaniwekea kile kifaa chao kifuani. Akasikiliza. Akakisogeza. Akakitoa masikioni, akakigonga kwa kidole, akasikiliza tena.

"Wiki iliyopita nilisikia sauti hapa. Damu inarudi nyuma, inavuma kama upepo kwenye mlango usiobana. Leo haipo."

"Imepona," nikasema, na nikaanza kufunga vifungo.

"Haiponi. Lala chini." Akavuta kiti. "Nikuulize kitu. Ulipokuwa mtoto, uliwahi kuumwa koo sana, halafu baadaye magoti yakavimba?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema sijawahi. Niliyaona magoti yale mbele yangu, yamejaa kama machungwa, leo hili, kesho kifundo cha mguu, na mtoto analia usiku kucha kwa sababu hata shuka lilikuwa linamuumiza. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja.

"Tuliambiwa ni baridi yabisi," nikasema.

"Na mkapewa sindano kila mwezi."

"Zile zilikuwa za magoti."

"Magoti yanapona yenyewe. Sindano zilikuwa za moyo." Aliongea polepole sasa. "Koo likiugua tena, mwili unapigana na ugonjwa, na katika kupigana kwake unaichubua milango ya moyo. Sindano inazuia koo lisirudie. Ukichomwa zote, moyo unapata nafasi ya kusalimika. Ukiziruka, kila koo jipya linaacha kovu jingine. Mtu anakua, anacheza mpira, anaoa, hana habari. Moyo unafanya kazi mara mbili miaka yote hiyo mpaka siku unaposema basi. Kwa hiyo nijibu vizuri. Ulichomwa zote?"

"Nilichomwa zote, daktari. Hata moja sikuikosa." "Ila magoti hayakuwa yangu."

Akaichomoa kalamu kwenye nywele. Hakuandika kitu, aliishika tu.

Nikamweleza. Sikujitetea. Nilimweleza sindano, nikamweleza fulana na kitambulisho, nikamweleza na saa nane za Jumanne. Alinisikiliza mpaka mwisho, na mwishoni alisema neno moja ambalo mhariri amekataa kulichapa.

"Leta mkono," akasema.

"Mimi sijaja kwa ajili yangu."

"Leta mkono, bwana."

Akanifunga kile kitambaa cha presha, kikajaa, kikatoka pumzi. Akarudia mkono wa pili. Akanitoboa kidole. Halafu akageuza karatasi nione mwenyewe: presha mia mbili kwa mia na ishirini, sukari kumi na sita.

"Hiyo ni kwa sababu nimekasirika," nikasema.

"Umekasirika tangu lini? Mishipa hii haikukazana leo. Unavuta ngapi kwa siku?"

"Baba yangu alivuta mpaka akafika miaka sitini na moja."

"Alikufa na nini?"

"Hakuugua kitu. Alianguka tu."

"Alianguka tu," akarudia, akaandika.

"Daktari, mimi napanda vidato mia mbili na kumi na vinne kila siku ya Mungu. Hayo si mazoezi?"

"Unapanda mara moja, unakaa saa kumi. Sukari ikikaa juu namna hii inaitafuna mishipa kimya kimya. Presha inaisukuma, moshi wa sigara unaiziba, na kule kukata pumzi usingizini kunaunyima moyo hewa wakati unapotakiwa kupumzika. Na sukari ina ubaya mwingine. Inaua hisia. Moyo wako unaweza kushikwa na maumivu usiyasikie. Labda utasikia mkono mzito, au kichefuchefu, au jasho tu. Usikimbie. Usibebe kitu. Dawa unaanza leo."

Nikataka kubisha. Nina kichwa kigumu, mnanijua. Akanikatiza.

"Moyo wa mdogo wako uliumizwa na ugonjwa akiwa mtoto. Wa kwako unauumiza mwenyewe, kila siku, kwa mikono yako. Lakini wewe nimekushika. Yeye yuko wapi?"

"Shuleni. Uwanjani."

"Anafanya nini uwanjani?"

"Anajiandaa na mbio za walimu. Jumamosi. Kilomita ishirini."

Akaacha kuandika.

"Sikiliza. Faili hili lina jina lako. Siwezi kumlaza mtu wala kumpa dawa kwa jina lako. Lazima niandike kwamba aliyepimwa si wewe, na barua itakwenda kazini kwako. Unaelewa maana yake?"

Nilielewa. Miaka kumi na minane, majengo tisa. Kazi nyingine sijui. Hata nikilala naota nanyanyua vitu.

Kupiga magoti nimwombe asiandike, sikupiga. Nilipiga moyo konde, huo huo mbovu.

"Andika, daktari. Andika kwa herufi kubwa."

Nikasaini. Siku zile mbili nilishushwa kwenye kreni mara mbili, ya kwanza kwa moyo wa mdogo wangu, ya pili kwa wangu, na hii ya pili nilijishusha mwenyewe. Anayeniita tapeli aliweke hilo nalo kwenye barua yake.

* * *

Nilifika shuleni saa tisa na nusu, wanafunzi wameshaondoka. Filimbi alikuwa peke yake uwanjani, anazunguka ule mstari wa chokaa. Anakimbia vizuri, yule. Hapigi kelele na miguu. Aliponiona alipuliza filimbi kama anayemaliza kipindi, akaja akiruka ruka.

"Mwewe katua! Kaka, cheti kimetoka?"

"Kaa chini."

"Nikikaa misuli itaganda. Sema tu."

Nikasema. Nilisema vibaya, najua. Nilimwaga kila kitu kwa mpigo: mlango haufungi, moyo umepanuka, usikimbie, twende sasa hivi. Alinisikiliza mikono kiunoni, na taratibu uso wake ukaanza kucheka.

"Kaka yangu," akasema. "Wewe kweli hushindwi. Umetafuta kila njia ya kutoacha sigara, sasa unanigawia mimi ugonjwa wako?"

"Si utani."

"Nionyeshe."

Nikampa barua. Akaisoma, akainyoosha mbele ya macho yangu, akaweka kidole.

"Soma jina."

Lilikuwa langu. Jina langu, namba yangu ya kazi, umri wangu. Ujanja wote ule niliouandaa ili mtu yeyote akiangalia asimwone yeye, ulikuwa umefanya kazi vizuri sana. Hata yeye mwenyewe hakujiona.

"Uliyepimwa ni wewe!"

"Nilipimwa mimi, nikaambiwa nitaitwa. Hakuna aliyeniita." Akanirudishia karatasi. "Jana nimekimbia kilomita kumi na mbili. Mwenye moyo mbovu anakimbia kilomita kumi na mbili?"

"Hukuchoka?"

Akasita. Kidogo tu, lakini mimi ni kaka yake.

"Watu wote wanachoka."

"Unalala na mito mingapi?" Hilo daktari alinituma nimuulize.

"Nani kakwambia habari za mito?"

"Mingapi?"

"Mitatu," akasema kwa hasira. "Nikilala chali nakosa pumzi. Ni vumbi la uwanja. Ni umri. Kaka, niache."

"Zile sindano," nikasema. "Zilikuwa za moyo wako. Nilikuchukulia dawa yako, nikaiweka mwilini mwangu, na tukacheka njia nzima. Na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa."

Hapo hakucheka. Akaivua filimbi shingoni, akaanza kuizungusha kidoleni kama anavyofanya tangu utotoni akitaka kulia.

"Mimi ndiye niliyekuomba," alisema.

"Ulikuwa na miaka minane."

"Nilikuomba, na ulinikubalia. Hakuna mtu maishani mwangu aliyenifanyia kitu kizuri kuliko kile." Macho yake yalikuwa mekundu. "Sasa unataka nikae hapa niamini kwamba ndicho kilichoniua? Siamini. Sitaki kuamini."

"Usiniamini mimi. Mwamini daktari. Twende uchomwe mwenyewe, safari hii. Sindano hii siwezi kuchomwa badala yako."

Nilidhani nimempata. Lakini ukaidi wa baba yetu haukuishia kwangu. Akaivaa filimbi, akarudi nyuma hatua mbili, akainua kidevu.

"Nishike," akasema.

"Nini?"

"Mzunguko mmoja. Ukinishika kabla sijaumaliza, nakwenda kwa huyo daktari leo hii, na viatu hivi hivi. Nisiposhikwa, hatutalizungumza tena jambo hili mpaka tunazeeka."

"Usikimbie! Nimekwambia usi..."

Alishaondoka.

Fikirieni mlivyo barazani hapo na magazeti yenu. Nikisimama, anamaliza mzunguko, ameshinda, na Jumamosi anakwenda kukimbia kilomita ishirini. Nikimfukuza, anaongeza mwendo. Na mimi mwenyewe saa mbili zilizopita nimeambiwa nisikimbie hata nikimwona nyoka.

Nikakimbia.

Nilikata katikati ya uwanja. Msiniambie ni kudanganya, sikuwa na muda wa kufuata chokaa. Aliniona, akacheka, akakwepa. Nikageuka. Tumbo linakwenda kwake, miguu kwake. Nikamfuata tena, akanipiga chenga kama mtoto, kama zamani, na kwa kitambo kidogo, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Halafu jasho likanitoka, baridi, lote kwa pamoja.

Nikaanguka. Nasema ukweli, nusu ya kuanguka kule ilikuwa uongo. Niliona sitamshika kwa miguu, nikajua yule mwenye roho laini atarudi mwenyewe. Nilijitupa kwenye majani, nikashika kifua, nikatoa sauti ya mtu anayekufa. Ile nusu nyingine sikuipanga.

"Kaka!" Nikazisikia hatua zake zinakuja mbio, mbio kuliko zote alizokimbia siku ile. "Kaka, usinifanyie hivyo! Kaka!"

Akapiga magoti. Akanishika shavu. Nikafyatua mkono wa kulia, nikamkamata kifundo cha mkono.

"Nimekushika," nikasema.

Alinitazama. Halafu akaangua kicheko, machozi yanamtoka. "Mshenzi wewe. Mshenzi mkubwa."

"Umeahidi."

"Nimeahidi. Nakwenda. Nakwenda, kaka." Akakaa chini kando yangu kwa kishindo, kama mtu aliyekatwa miguu. "Ngoja nipumue kwanza."

Miaka arobaini namjua mtu yule. Sijawahi kumsikia akisema ngoja nipumue.

"Filimbi?"

"Napumua," alisema, lakini hakuwa anapumua vizuri. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo si ya midomo. Akalegea taratibu, kichwa kikanijia begani.

Vidole vyangu vilikuwa bado kwenye mkono wake, juu ya mshipa. Nikausikia. Ulikimbia, ukaruka, ukasita. Ukakimbia tena mapigo matatu ya haraka haraka, ukasita tena, mrefu zaidi.

"Mdogo wangu, nitazame. Usilale. Nitazame!"

Nikataka kumwinua kwa mkono wangu wa kushoto. Mkono haukuja. Ulikuwa pale kwenye majani, nauona, mzito kama gunia la saruji, na hauumi hata kidogo.

Mfukoni mwangu simu ikaanza kuita. Niliinamisha macho, nikaona namba ya daktari ikiwaka kupitia kitambaa cha shati. Ile ya wauza viwanja. Mara ya tano.

Mkono niliobaki nao ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa umeshika mshipa wa mdogo wangu. Ukapiga. Ukasita. Ili niipokee simu, ilinibidi nimwachie.